Je, wajua kwa nini barua pepe ya Kiebrania au Kiarabu huvurugika kwenye skrini?

Mtu anaandika neno la Kiebrania שלום, yaani amani, anatuma, na mwenzake upande wa pili anasoma ùìåí. Hakuna aliyelichezea neno hilo njiani. Baiti nne zilizotoka, yaani namba nne zinazowakilisha herufi zake nne, ndizo zilizofika, bila hata biti moja kupotea. Kilichokosekana ni makubaliano ya namna ya kuzisoma.

Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi namba. Ili kuzisoma inahitaji jedwali linaloipa kila herufi namba yake. Jedwali la ASCII, lililotoka Marekani mwaka 1963, lilikuwa na nafasi 128, zikatosha kwa Kiingereza. Lakini baiti moja ina nafasi 256, kwa hiyo nusu ya pili, kuanzia 128 hadi 255, ilibaki wazi na kila upande wa dunia ukaipangia matumizi yake. Ulaya Magharibi iliweka herufi zenye alama juu, kama à na ù. Jedwali la Kiebrania, ISO-8859-8, liliweka alfabeti yake yote kati ya 224 na 250. Namba 249 ni ש, herufi iitwayo shin, katika jedwali moja na ù katika jingine, na baiti yenyewe haina mahali pa kusema inatoka jedwali lipi.

Kwa Kiarabu mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu hata majedwali ya Kiarabu hayakupatana yenyewe kwa yenyewe. ISO-8859-6 lilipanga herufi za Kiarabu bila kuchanganya za lugha nyingine katikati yake. Windows-1256 la Microsoft lilibakiza herufi za Kifaransa kama à, ç na é mahali pake pa kawaida, ili lugha zote mbili ziweze kuandikwa katika waraka mmoja, hivyo herufi kadhaa za Kiarabu zikasogezwa kuzipisha. Majedwali hayo mawili yanaafikiana kwa muda, halafu yanaachana. Chukua baiti 211, 225, 199 na 227. Kwa Windows-1256 ni سلام, amani. Kwa ISO-8859-6 baiti hizo hizo ni سفاك, mmwagaji damu. Mimi naogopa kosa hili kuliko vurugu lolote la alama za ajabu. Anayeona ùìåí anajua kuna hitilafu. Huyu wa pili anaona neno kamili la Kiarabu na hana sababu ya kulishuku.

Dawa ya kwanza ilikuwa lebo. Mwaka 1992 ulitolewa utaratibu wa MIME, ambao huiwezesha barua pepe kutaja jedwali lake katika vichwa vyake: charset=windows-1255 (la Kiebrania, la Microsoft), au iso-8859-6, au utf-8, ambayo tutaikuta mbele. Mada ya barua ilihitaji ujanja zaidi, kwa kuwa vichwa vilikubali ASCII peke yake. Ndiyo maana שלום katika mada husafiri kwa sura hii: =?UTF-8?B?16nXnNeV150=?=. Ukikuta mada ya namna hiyo kwenye kikasha chako, programu yako imeshindwa kuifungua, lakini neno lenyewe limo humo salama.

Lebo husaidia pale tu inaposema kweli. Programu nyingi zilituma barua bila lebo kabisa, au zilibandika lebo ya Ulaya Magharibi juu ya Kiarabu kwa sababu hivyo ndivyo zilivyotoka kiwandani. Kwenye wavuti seva inaweza kutaja jedwali moja na ukurasa ukataja jingine. Hapo kivinjari hufuata neno la seva, hata kama mwandishi wa ukurasa ndiye aliyekuwa sahihi.

Kiebrania kilibeba mzigo mwingine, nao ndio unaonivutia zaidi katika historia hii yote. Lugha hizi mbili huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, ilhali namba na maneno ya Kilatini yaliyomo ndani yake huenda kushoto kwenda kulia. Skrini za zamani na vivinjari vya kwanza vilijua upande mmoja tu. Basi waandishi wa Kiebrania wakahifadhi maandishi kinyumenyume: ם, yaani mem ya mwisho wa neno, ikatangulia, shin ikaja mwisho, na skrini isiyojua lolote ikachora neno linalosomeka vizuri. Huo ni mpangilio wa kuonekana. Mwenzake ni mpangilio wa kimantiki, ambapo herufi huhifadhiwa kwa mfuatano wa kusomwa na programu ndiyo inayobeba kazi ya kuzipanga machoni.

Njia ya kinyumenyume ilifanya kazi mpaka dirisha lilipopunguzwa upana. Kivinjari kilipokata mstari, maneno ya mwisho wa sentensi yalibaki juu na mwanzo wake ukashuka chini, aya ikasomeka kuanzia mkiani. Waandishi wakalazimika kukata kila mstari kwa mkono. Ukitafuta neno ndani ya ukurasa kwa kuliandika kawaida, halikupatikana, maana limehifadhiwa likiwa limegeuzwa. Desemba 1993 nyaraka mbili za kiufundi za intaneti, RFC 1555 na RFC 1556, ziliweka majina ya kutofautisha: ISO-8859-8 kwa mpangilio wa kuonekana na ISO-8859-8-I kwa ule wa kimantiki. Jedwali la herufi ni lile lile, tofauti ni mwelekeo tu. Vivinjari vya leo bado vinayashika majina hayo mawili kama vitu viwili, kwa ajili ya kurasa za zamani zilizobaki.

Na pale ambapo hapakuwa na lebo? Programu hukisia. Kikisio cha Kiebrania kilichotumiwa na Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, kinastahili sifa. Kiebrania kina herufi tano ambazo hubadilika umbo zinapofunga neno, kama ם katika שלום. Kama maumbo hayo yanaonekana mwishoni mwa maneno, maandishi yako katika mpangilio wa kimantiki. Kama yamekaa mwanzoni, yamegeuzwa. Kanuni ya tahajia iliyokuwepo karne nyingi kabla ya kompyuta ikawa kipimo cha kutambua faili.

Unicode, jedwali moja la lugha zote lililotoa toleo lake la kwanza mwaka 1991, iliondoa ugomvi wa nafasi kwa kuipa kila herufi namba isiyogongana na ya mwingine. Shin ni U+05E9, sin ya Kiarabu ni U+0633. UTF-8, njia ya kuziandika namba za Unicode kwa baiti, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, huandika kila moja ya herufi hizo kwa baiti mbili. Makosa bado yapo, ila yana alama zake. Ukiona × inajirudia kila baada ya alama moja, kama ×©×œ, hicho ni Kiebrania cha UTF-8 kilichosomwa kwa jedwali la Ulaya Magharibi. Ukiona Ø na Ù zimejaa, kama Ø³Ù„, hicho ni Kiarabu. Vyote viwili hupona mara jedwali sahihi linapochaguliwa. Ukiona ???? hakuna cha kuponya: programu fulani njiani ililazimisha herufi ziingie katika jedwali lisilo na nafasi yake, ikaweka alama za kuuliza na kuzitupa zile za asili. Mwombe aliyeandika atume upya.

Herufi za Kiarabu zikionekana sahihi lakini zimeachana badala ya kuungana, usilaumu usimbaji, yaani namna herufi zilivyogeuzwa kuwa namba. Jedwali huhifadhi herufi tu. Kuchagua umbo la mwanzo, la kati au la mwisho wa neno ni kazi ya programu inayochora.

UTF-8 haikumaliza suala la mwelekeo. Unicode ina kanuni zake za kuchanganya pande mbili. Herufi zina upande wake wa asili, lakini alama ya mshangao, mabano na nafasi hazina, hufuata mazingira. Barua ya Kiebrania ikifunguliwa katika ukurasa unaoanzia kushoto, alama ya mshangao ya mwisho wa sentensi huruka kwenda kulia kabisa, na msomaji anakutana nayo kabla ya neno la kwanza. Programu nyingine huamua mwelekeo kwa kutazama herufi ya kwanza yenye upande, mbinu ambayo HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, huiita dir="auto". Ni nzuri mpaka mtu ajibu barua: mada sasa inaanza na Re:, herufi ya kwanza ni R ya Kilatini, na mada yote ya Kiarabu inapangwa kuanzia kushoto. Mwaka 2013 toleo la 6.3 la Unicode liliongeza alama zisizoonekana za kutenga kipande cha maandishi ili mwelekeo wake usiambukize jirani, na HTML ina elementi ya bdi kwa kazi hiyo hiyo. Mtengenezaji wa programu akiitenga mada na Re: yake, kila kipande hupata upande wake.