Je, wajua? Minnesota chuo humkubali mwanafunzi kabla hajaomba

Mama mmoja wa Brooklyn Park, Minnesota, alinipigia simu akiamini kwamba kuna watu wanataka kumtapeli. Mwanawe, aliyekuwa darasa la 12, ameletewa barua yenye orodha ndefu ya vyuo, na juu yake imeandikwa kwamba vyote viko tayari kumpokea. Kijana hajaomba hata kimoja. "Nimeisoma mara tatu nikitafuta wanaposema tuma pesa," akaniambia. "Sijapaona."

Hapakuwepo. Barua ilikuwa halali.

Idaho ndilo jimbo lililoanza utaratibu huo mwaka 2015, na Minnesota ikaufuata mwaka 2022. Shule ya upili huangalia wastani wa alama za mwanafunzi, ule uitwao GPA, kisha ukalinganishwa na kiwango ambacho kila chuo kilichojiunga kimekitangaza. Vyuo ambavyo alama zake zinatosha ndivyo vinavyoorodheshwa kwenye barua. Kazi inayobaki kwa kijana ni kujaza fomu fupi, bila ada ya maombi, ili athibitishe kile anachokitaka.

Kwa nini chuo kijipendekeze namna hiyo? Kwa sababu kina viti. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tukisikia "chuo cha Marekani" tunafikiria Harvard, inayowakataa zaidi ya tisa kati ya kila waombaji kumi. Vyuo vya namna hiyo ni vichache mno. Vyuo vingi vya miaka minne nchini humo hupokea zaidi ya nusu ya wanaoomba. Tena watoto waliozaliwa Marekani walianza kupungua baada ya mtikisiko wa uchumi wa 2008, na watoto wa miaka hiyo ndio sasa wanaomaliza shule. Wakati huohuo kuna vijana wengi wa alama za kati ambao hawaombi kabisa, kwa kuwa wamejihukumu mapema. Barua inawafuata hao.

Kijana wetu alikuwa na GPA ya 2.6, na hapo ndipo mama yake alipokuwa ameshakata tamaa. Alikuwa akiisoma karatasi ile kwa macho ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya. Kenya, C+ ndiyo mstari wa kuingia shahada, na mtihani mmoja wa mwisho ndio unaoamua uko upande gani. GPA haiendi hivyo. A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, na wastani hukusanywa somo kwa somo tangu darasa la 9. Kwa hiyo 2.6 iko juu ya C, inaelekea B.

Tulipoifungua ripoti yake tukaona zaidi ya hapo: darasa la 9 alipata 1.9, la 10 akapata 2.7, la 11 akafika 3.1. Mwaka ule wa kwanza ndio ulioivuta namba chini, na ndio mwaka waliohama nyumba mara mbili. Chuo kinachosoma maombi kwa makini kinaiona ngazi hiyo, na mwalimu mshauri wa shule anaweza kuieleza kwenye barua yake. Ni vizuri kumwomba aieleze, maana mshauri huwa na mamia ya wanafunzi, naye asipokumbushwa ataandika sentensi mbili za heshima na kumaliza.

Sasa, kwa nini utafute chuo cha jimbo lako? Vyuo vya umma hupata sehemu ya fedha zake kutoka kwa kodi za jimbo, kwa hiyo mkazi hutozwa karo ya chini na mgeni hutozwa kamili. Mgeni si mtu wa nchi nyingine tu. Mtoto wa Texas akienda California ni mgeni, na katika Chuo Kikuu cha California nyongeza ya mgeni peke yake inapita dola 30,000 kwa mwaka. Majimbo mengi hutaka uwe umeishi humo angalau miezi 12, tena si kwa ajili ya masomo, na mtoto anayetegemea wazazi kwa kawaida huhesabiwa walipo wazazi. Ile desturi yetu ya kumpeleka kijana akakae kwa mjomba ili asome huko haimpunguzii karo.

Minnesota imeelewana na majirani. Mkazi wake anaweza kusoma Wisconsin, North Dakota au South Dakota kwa karo iliyo karibu na ya nyumbani. Kwa hiyo Moorhead na Fargo, miji miwili inayotazamana ng'ambo ya mto Red, kwake ni kama mji mmoja.

Mlango, basi, si tatizo. Mimi ningetumia muda mwingi kuuliza jambo jingine: wanaoingia chuo hiki, ni wangapi humaliza? Wizara ya Elimu ya Marekani ina tovuti iitwayo College Scorecard, na humo kila chuo kimeandikiwa asilimia ya wanaohitimu na gharama halisi baada ya misaada. Vyuo viwili vinaweza kumpokea mtoto yuleyule kwa alama zilezile, kimoja kikamfikisha mwisho, kingine kikamwachia deni bila cheti. Deni la namna hiyo ndilo baya kuliko yote.

Njia ya chuo cha miaka miwili pia wazazi wetu huidharau bure. Minnesota ina vyuo 26 vya namna hiyo vya umma, pamoja na vyuo vikuu saba, chini ya mfumo mmoja. Ukikamilisha kifurushi cha masomo ya msingi cha krediti 40 (krediti ni kipimo cha uzito wa somo), kinahamia kizima katika chuo kikuu cha umma ndani ya jimbo. Na tangu mwaka 2024, familia yenye kipato chini ya dola 80,000 kwa mwaka hulipiwa karo na ada inayobaki baada ya misaada mingine, katika chuo cha umma, kupitia mpango uitwao North Star Promise. Chakula na bweni havimo. Ndiyo maana chuo unachokiendea kwa basi ukarudi kulala nyumbani kinaweza kuwa rahisi kuliko chochote.

Tukamuuliza kijana mwenyewe, ambaye muda wote alikuwa anatazama simu. Akasema anapenda injini. Kumbe Brooklyn Park hapohapo kuna vyuo viwili vya umma, kimoja cha ufundi na kimoja cha masomo ya jumla, na vyote anavijua kwa kuvipita njiani.

"Na nyumbani Kisii nitawaambia anasoma wapi?" mama akauliza.

Nikamwambia aseme chuo cha serikali. Kisha nikamuuliza kama wamejaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu, ambayo kwa wanafunzi wengi bila hiyo North Star nayo haiji. Kwa kawaida hufunguliwa Oktoba mosi, na tulikuwa tayari Novemba. Akaenda kutafuta karatasi za kodi.