Je, wajua kwa nini ligamenti ya mbele ya goti (kamba inayofunga mfupa kwa mfupa) ikikatika kwa kawaida haishonwi?

Jumamosi jioni, uwanja wa vumbi Majengo, Moshi. Winga anageuka ghafla, hakuna aliyemgusa, goti linalia "pa!" Kufika usiku limevimba kama papai. Utasikia: limeteguka tu, mchueni. Mafuta ya kuchua hayajawahi kuunga ligamenti.

Iliyokatika ni ile ya mbele katikati ya goti, inayozuia muundi usichomoke mbele wala kujisokota. Kidonda cha kawaida hupona kwa sababu damu huganda na kuziba pengo. Ndani ya goti kuna ute, nao huiyeyusha damu ile kabla haijashika. Ncha mbili hubaki zinaning'inia, zimechambuka kama kamba ya katani. Madaktari wa zamani walijaribu kuzishona. Nyingi ziliachia tena.

Basi daktari hutengeneza nyingine, kwa malighafi ya mgonjwa mwenyewe. Mara nyingi huchomoa kano (kamba zinazoshikiza msuli kwenye mfupa) moja au mbili za misuli ya nyuma ya paja kupitia tundu dogo chini ya goti, akazikunja hadi zipate unene wa penseli, kama milimita 8. Kisha, akiangalia kwenye skrini kwa kamera nyembamba iliyoingizwa gotini, anatoboa njia kwenye muundi na mfupa wa paja, anaipitisha kano, anaibana kwa skrubu au kifungo kidogo cha chuma.

Wengine hukata ukanda wa kano iliyo chini ya pia ya goti, pamoja na kipande cha mfupa kila ncha. Huo hushika mapema, maana mfupa unaungana na mfupa. Ila kupiga magoti huweza kuuma muda mrefu. Kwa anayesujudu mara tano kwa siku, au mama anayepalilia akiwa amepiga magoti, mimi ningeuliza mara mbili.

Kinachowaponza wengi ni hiki: kano iliyohamishwa hukosa damu, chembe hai zake hufa, halafu mwili unaijaza upya polepole. Hivyo huwa dhaifu zaidi karibu na mwezi wa 2 au wa 3, wakati uvimbe umekwisha, magongo yako uvunguni na wachezaji wenzake mgonjwa wameshaanza kumpigia simu za mechi. Mpira ni kuanzia mwezi wa 9, tena baada ya kupimwa: anaruka kwa mguu mmoja, anaruka kwa mwingine, futi ya kupimia inalinganisha umbali.