Tiba ya dansi: anayeongoza ni mgonjwa

Nikitaja kazi yangu, swali la kwanza huwa: "Kwa hiyo unawafundisha wagonjwa kucheza?" Na hapa Tanga, ukisema neno dansi mbele ya wagonjwa, kuna watakaofikiria baikoko, ngoma ya kukata viuno, na kuanza kucheka chinichini. Nawaacha wacheke. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia niliyejiongezea mafunzo ya tiba ya dansi, na wengi ninaowahudumia ni wazee: wenye ugonjwa wa Parkinson (ule unaokakamaza misuli na kuharibu mwendo), waliopata kiharusi, na wachache walioletwa na sonona. Hakuna stepu za kukariri wala kioo cha kujitazamia. Mgonjwa ndiye anayeanza, mimi namfuata.

Utaratibu huu una wenyewe. Mwaka 1942, Marian Chace, mchezaji na mwalimu wa dansi, alianza kufanya kazi na wagonjwa wa akili katika hospitali ya St. Elizabeths, Washington. Dawa tunazozijua leo za magonjwa hayo zilikuwa bado, zilikuja miaka ya 1950, na baadhi ya wagonjwa walikuwa hawasemi na mtu kabisa. Chace aliwakusanya katika duara, akaweka muziki, akatazama. Huyu anayumba, yule anakunja ngumi na kuikunjua. Aliuchukua mwendo ule, akaufanya kwa mwili wake mwenyewe, mbele ya mwenye nao, kwa uzito na kasi ileile. Asiyezungumza akawa amejibiwa. Wataalamu wa fani hii walipounda chama chao Marekani mwaka 1966, rais wa kwanza alikuwa yeye.

Mpaka leo hilo ndilo jambo gumu kuliko yote katika kazi hii, na ndilo linaloitofautisha na aerobiki. Mwalimu wa aerobiki anapiga kelele "moja, mbili, inua!" na nyote mnamwiga yeye. Kwangu, kazi ni kutazama.

Tunakaa kwenye viti vya mbao vizito, visivyoteleza, miguu yote miwili sakafuni. Taarabu ya zamani inapigwa, sauti ya wastani. Mzee mmoja, seremala mstaafu, mkono wa kulia umekakamaa na uso hausemi lolote, lakini kidole gumba cha kushoto kinapiga paja, na hakikosei pigo hata moja. Nami naanza kupiga paja langu kwa kidole gumba. Ananiona. Anakaza kidogo. Naongeza kiganja, mama aliye jirani yake anadakia, na baada ya muda mduara mzima unapiga mapaja na mabega yameanza kuitika. Mara mzee anasimamisha mkono, ghafla, kwa makusudi. Watu wote wanasimama naye. Anauachia tena, wanaendelea. Hapo uso ule unafunguka.

Uso huo ni jambo la kuelezwa. Parkinson hukakamaza misuli ya uso, na ndugu nyumbani husema "siku hizi Baba amekuwa mkali" au "hana habari na sisi". Baba anayo habari, ila haionekani. Hivyo watu wanaacha kumsemesha, na ugonjwa wa viungo unazaa upweke. Ndiyo maana huwa sipendi kugawa faida za tiba hii mafungu mawili, za mwili huku na za akili kule. Mzee yule amezungusha bega alilokuwa hataki kuligusa kwenye mazoezi ya kawaida, na papo hapo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, watu wamengoja aamue yeye.

Sasa mdundo. Katika Parkinson, seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini ndani ya ubongo hufa polepole. Dopamini hiyo inahitajika na sehemu za ubongo zinazotuwezesha kutembea bila kufikiria, zinazopanga ukubwa na kasi ya hatua wakati wewe unawaza bei ya unga. Ikipungua, hatua hufupika, mikono huacha kupunga, na mlangoni au wakati wa kugeuka miguu hugandia sakafuni kana kwamba imepigiwa misumari. Mgonjwa anataka kwenda, haendi. Lakini sikio likipata pigo linalotabirika, ubongo huweza kupitia njia nyingine, zile zinazounganisha kusikia na mwendo, na mguu unanyanyuka. Ukiona kwa mara ya kwanza utadhani mtu alikuwa anajisingizia.

Ushahidi ninaoutaja kwanza ni wa nyumbani. Watafiti walipita wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, kuwatafuta wagonjwa wa Parkinson, wakakuta wengi hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini. Baadaye kikundi cha wagonjwa wa huko ambao hawajawahi kutumia dawa za ugonjwa huo kilifanyishwa mazoezi ya kutembea kwa kufuata mlio wa metronomu, kifaa kinachotoa pigo la kasi moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: mwendo wao uliongezeka kasi na hatua zikarefuka. Kwa nchi ambayo dawa hizi hazipatikani kila duka na bei yake inaumiza, hiyo ni habari kubwa, na nashangaa haisemwi zaidi.

Kule St. Louis, Marekani, watafiti Madeleine Hackney na Gammon Earhart walichagua dansi iitwayo tango kwa wagonjwa wao. Ukiichunguza, tango ina kurudi kinyumenyume, kusimama ghafla, kuanza upya na kugeuka mahali padogo, yaani yaleyale yanayowaangusha. Jaribio jingine la Earhart na Ryan Duncan, lililochapishwa 2012, liliendelea kwa miezi 12, mara mbili kwa wiki, na waliocheza walionekana kuwa na nafuu kuliko wasiocheza. Lakini sioni sababu ya kuagiza tango kutoka Argentina wakati chakacha ipo. Aliyewahi kuanguka hufunga nyonga, hatembezi uzito kutoka mguu hadi mguu, na bila kuhamisha uzito hatua haiwezi kuanza. Chakacha kazi yake ni hiyo tu, nyonga hii, nyonga ile, polepole, nyayo zikiwa chini. Kina mama wa pwani hawahitaji maelezo. Leso ikifungwa kiunoni, mwili unakumbuka. Sindimba siigusi, magoti ya wazee hayataki.

Kuhusu akili na hisia, nitasema ninachoweza kukitetea. Mtafiti Bronwyn Tarr na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford walifanya jaribio Brazil kwa wanafunzi wa sekondari, likachapishwa 2015. Waliocheza kwa mwendo mmoja waliweza kuvumilia zaidi kubanwa na mkanda wa kupimia presha, na walijiona karibu zaidi na wenzao, kuliko waliocheza kila mtu kivyake. Uvumilivu huo wa maumivu huchukuliwa kuwa dalili ya endofini, kemikali ambazo mwili hujitengenezea wenyewe kupunguza maumivu. Kwa sonona ushahidi ni mwembamba zaidi. Tathmini ya 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ilipata majaribio matatu tu yanayofaa, watu 147 kwa jumla, na ikakataa kutoa hukumu. Tathmini kubwa ya mazoezi na sonona katika jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2024 iliiona dansi ikifanya vizuri sana, lakini hapo pia majaribio ya dansi yalikuwa machache. Kwa hiyo mtu mwenye sonona namkaribisha, nikimtaka aendelee na daktari wake na dawa zake. Atakayekuambia dansi inaponya sonona peke yake anakuuzia kitu.

Na kusahau kwa wazee? Utafiti wa Bronx, New York, uliochapishwa 2003, ulifuatilia watu 469 wenye zaidi ya miaka 75. Katika shughuli zote za mwili zilizoangaliwa, ni dansi pekee iliyoambatana na hatari ndogo ya kupata ugonjwa wa kusahau. Inapendeza kusikia, ila kumbuka kwamba ubongo unaoanza kuchoka huenda ndio unaomfanya mtu aache kucheza miaka kadhaa kabla ya ugonjwa kujulikana.

Swali jingine huja kwa sauti ya chini, kwa kawaida kutoka kwa binti wa mgonjwa: "Dokta, samahani, hiki si kama kupunga pepo?" Sikasiriki. Ngoma za pepo pwani hii zimekuwa tiba kabla ya fani yangu kuzaliwa, na mganga naye huangalia ni ngoma ipi mwili wa mgonjwa unaitikia. Mimi lakini siiti mtu wala kitu, na simpeleki mgonjwa kwenye kupandisha. Kwa wasiotaka muziki kwa sababu ya dini tunatumia dufu na kaswida, au kupiga makofi tu, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Mguu unafuata pigo. Haujali limetoka wapi.

Ukitaka kujaribu nyumbani na mzazi mwenye Parkinson, anza akiwa amekaa, kiti kikiwa kimeegemea ukuta. Chagua saa ambayo dawa imeshika, kwa walio wengi saa moja hivi baada ya kumeza levodopa, dawa ya Parkinson. Kabla ya kusimama apige miguu chini kwa muda, maana presha yao hupenda kushuka wakiinuka ghafla. Hesabu hatua zake za kawaida kwa nusu dakika, kisha tafuta wimbo anaoupenda wenye kasi inayokaribia hiyo. Wimbo wa haraka mno humfanya akimbilie mbele na kuanguka. Akigandia, usimvute mkono. Simama ubavuni kwake, yumba naye kushoto na kulia mpaka uzito uhame, halafu mwache aanze yeye.