"Programu imekula maandishi yangu": dhana potofu kuhusu TiddlyDesktop

Mwezi huu nimeletewa laptopu tatu zenye lalamiko lilelile: fundi, programu imekula maandishi yangu. Ya kwanza ni ya mwanafunzi wa shahada ya uzamili, ya pili ya wakili, ya tatu ya mama mmoja, mwalimu mstaafu anayekusanya misamiati na methali za Kizigua. Kwa wote watatu maandishi yalikuwepo, hakuna neno lililoliwa. Nimechoka kulieleza jambo hili kwa mtu mmoja mmoja, ndiyo maana naliandika.

Dhana yenyewe ni kwamba maandishi yako yanakaa ndani ya TiddlyDesktop, programu ya kompyuta ya kufungulia na kuhifadhi madaftari ya TiddlyWiki. Hayakai humo. Tangu Jeremy Ruston alipoitoa TiddlyWiki mwaka 2004, wiki binafsi ya aina hii, yaani daftari lako la kidijitali, ni faili moja la HTML, aina ileile ya faili la ukurasa wa wavuti. Humo mna tidla zako zote, yaani vipande vya maandishi, kila kimoja na kichwa chake, na humohumo mna msimbo wa kuzionyesha, kuzitafuta na kuzihariri. TiddlyDesktop inakuja kulifungua faili hilo, na kazi yake kubwa ni moja: ukihifadhi, inaandika juu ya faili lilelile ulilolifungua. Ile orodha inayotokea unapoiwasha ni orodha ya mahali mafaili yalipo, basi. Ukiiondoa wiki kwenye orodha, faili halifutiki, linabaki kwenye folda yake kama lilivyokuwa. Wakili aliiondoa kwa bahati mbaya, akakaa siku mbili akiamini kumbukumbu za kesi zake zimepotea. Tuliliongeza faili kwenye orodha kwa dakika moja.

Mwanafunzi yeye alinunua laptopu mpya, akanakili folda ya programu kwenye flashi, akaihamishia huko. Alipoiwasha akakuta orodha tupu. Laptopu ya zamani ilikuwa tayari imeahidiwa mdogo wake, na walikuwa wanaifomati jioni hiyohiyo. Namshukuru Mungu alinipigia simu kwanza. Faili lilikuwa kwenye folda ya Documents ya laptopu ya zamani, limetulia, na halikuwa limenakiliwa popote pengine. Programu ungeipakua tena bure wakati wowote. Sura 3 za tasnifu usingezipakua popote.

Ila kisa cha mama ndicho ninachokutana nacho zaidi, na ndicho kigumu kukieleza, kwa sababu machoni kila kitu kinaonekana sawa. Nilimwambia, "Mama, hebu nifungulie kama unavyofungua nyumbani." Akabofya mara mbili faili lililokuwa kwenye skrini, misamiati.html. Likafunguka ndani ya kivinjari. Vichwa vilevile, rangi zilezile. Akaongeza neno moja, akathibitisha, kisha akabofya ile alama ya tiki iliyogeuka nyekundu. Ikaacha wekundu. "Umeona mwanangu? Imesevu."

Nikafungua folda ya Downloads. Zilikuwemo misamiati (1), misamiati (2), hadi misamiati (14), na ya 15 ilikuwa ndiyo kwanza imeingia. Faili alilolifungua lilikuwa halijaguswa.

"Na jioni unafungua vipi?"

"Jioni mjukuu wangu hunifungulia kwa ile programu, tunakuta maandishi ya asubuhi imeyala."

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Ukibofya faili la HTML mara mbili, kompyuta hulipeleka kwenye kivinjari, hata kama TiddlyDesktop umeisakinisha. Na kivinjari, kwa usalama wako, kwa kawaida hakiuruhusu ukurasa kuandika juu ya mafaili ya diski yako. Kama kingeruhusu, tovuti yoyote unayoipitia ingeweza kuandika juu ya mafaili yako. Kwa hiyo ukihifadhi humo, TiddlyWiki hufanya linalowezekana: hukuletea nakala mpya kama kitu kilichopakuliwa. Nakala hiyo ndiyo yenye kazi yako ya asubuhi. Jioni TiddlyDesktop inafungua faili la zamani, kwa uaminifu kabisa, na wewe unailaumu.

Wapo wanaonijibu kwamba wao zamani walihifadhi kwenye Firefox bila shida. Ni kweli. Kulikuwa na kiongezi, programu ndogo ya kuongezwa kwenye kivinjari, kiitwacho TiddlyFox kilichofanya kazi hiyo. Firefox 57 ilipotoka Novemba 2017 iliacha kukubali viongezi vya mtindo wa zamani, na TiddlyFox ikaishia hapo. Maelekezo ya enzi hizo bado yanazunguka, na watu bado wanayafuata.

Kazi ya mama ilituchukua asubuhi nzima. Kwanza nilinakili yote 16 kwenye folda ya pembeni, kwa sababu sigusi kitu cha mtu kabla ya kuwa na nakala. Kisha nikafungua faili kuu kwenye TiddlyDesktop na kuziburuta zile nakala juu ya dirisha lake, moja baada ya nyingine, kuanzia ya zamani. Kila ukiburuta, inakuonyesha orodha ya tidla zinazotaka kuingia. Hapa usikimbie. Tidla yenye kichwa kilekile ikiingia inafuta iliyopo, na mama alikuwa amefanya mengine jioni kwenye faili kuu. Tukawa tunalinganisha tarehe, naye akinisomea kwa sauti ipi ni sahihi, nami nikiondoa tiki kwenye zilizopitwa. Hakupoteza methali hata moja.

Tangu hapo nina sharti kwa kila ninayemsakinishia. Faili la wiki halikai Downloads wala kwenye skrini ya mbele. Tunalitengenezea folda yake ndani ya Documents, na linafunguliwa kwa TiddlyDesktop tu. Kwenye orodha, kila wiki ina kitufe cha kukuonyesha faili lilipo. Namwambia mtu akibofye mbele yangu na anitajie jina la folda kwa mdomo wake. Wengine wanaona nawasumbua. Sitaacha, maana asiyejua faili lake liko wapi hawezi kulilinda.

Dhana potofu nyingine nitazipitia haraka.

"Inaniwekea bakapu yenyewe, kwa hiyo niko salama." Inaweka, na ni jambo zuri: kila unapohifadhi faili, toleo la awali linawekwa kwenye folda ya bakapu jirani na faili lenyewe. Hiyo inakuokoa ukifuta kitu kwa makosa. Laptopu ikiibiwa au diski ikifa, inaondoka pamoja na faili. Nakili kwenye flashi au diski ya nje kila Ijumaa, uiweke chumba kingine.

"Nikilifungua kwenye madirisha mawili yatajipanga yenyewe." Hayajipangi. Anayehifadhi mwisho anafuta kazi ya mwenzake. Ni vivyo hivyo kwa faili lililo kwenye folda inayosawazishwa kati ya kompyuta mbili: funga huku kabla ya kufungua kule, na usubiri usawazishaji uishe.

"Lazima niwe na intaneti." Hapana. Ukishaisakinisha unaweza kuandika mwaka mzima bila bando.

"TiddlyWiki ni nzito." Uzito mara nyingi unatokana na picha ulizozimwaga ndani. Picha ikiingizwa kwenye faili hugeuzwa kuwa maandishi, na inaongezeka ukubwa kwa karibu theluthi: picha ya MB 3 inakuwa MB 4. Na faili zima linaandikwa upya kila unapohifadhi. Weka picha kwenye folda jirani na wiki, kisha kwenye tidla ya picha ujaze uga (nafasi ya kujazia taarifa) wa _canonical_uri kwa njia ya kufika kwenye picha hiyo. Ukihamisha wiki, hamisha na folda ya picha. Wakili alikuwa ameingiza vielelezo vyake vyote kama picha za simu, kisha akashangaa kila kuhifadhi kunamgandisha.

"Nikisasisha TiddlyDesktop, wiki yangu nayo imesasishwa." Kwa wiki ya faili moja, kiini cha TiddlyWiki, yaani ule msimbo wake mkuu, kimo ndani ya faili lako, hivyo faili la mwaka 2016 litaendelea kutumia kiini cha mwaka 2016 hata programu ikiwa ya jana. Kulisasisha ni kazi ya pekee: unaliburuta kwenye ukurasa rasmi wa kusasishia, kisha unahifadhi faili jipya litakalotoka. Lile la zamani usilifute mpaka umelikagua jipya.

"Nikisahau neno la siri, fundi atalifungua." Hili linaniuma kulisema mbele ya mtu, kwa hiyo nalisema mapema. Ukiwasha usimbaji, yaliyomo yanasimbwa ndani ya faili kwa kutumia neno lako la siri, yaani yanageuzwa yasisomeke bila neno hilo. Neno hilo halihifadhiwi popote, hakuna wa kumwomba alibadilishe, na mimi sina ufunguo wa akiba. Ukitaka kulitumia, andika neno lenyewe kwenye daftari la karatasi kwanza, lifungie kabatini, ndipo urudi kwenye kompyuta na kuliweka.