ATM kukujua jina: tuelewane kidogo hapa

Tangu ATM za benki yetu zianze kumsalimia mteja kwa jina na kumwekea mbele kiasi alichozoea kutoa, dawati la malalamiko halipumui. "Inanijuaje?" ndo swali la kwanza. La pili, eti mashine inasikiliza simu yako. Hapana jamani, haisikilizi, na hili nimeshalijibu mpaka nimechoka.

Iko hivi. Lugha mara nyingi imeandikwa kwenye chipu ya kadi yenyewe, ukichomeka tu mashine inaisoma, Kiswahili kinatokea hata kabla hujaweka namba ya siri. Jina lako, ile elfu hamsini unayotoaga na ofa ya mkopo vinatoka kwenye rekodi za akaunti yako benki. Ni rekodi zilezile anazoziona teller ukienda dirishani, na pale hakuna anayelalamika.

Ila kuna jambo moja wateja mko sahihi kabisa: salio kujitokeza lenyewe kwenye skrini wakati nyuma yako kuna foleni. Hiyo ni hatari. Salio lisionekane mpaka mwenyewe uombe, ndani ya benki nalisema hili na nitaendelea kulisema.

Sasa ofa ya mkopo. Ukibonyeza NDIYO mpaka mwisho unakuwa umekubali masharti, siyo kwamba umeangalia tu, kwa hiyo soma riba, ada na muda wa kurejesha kwanza. Ukibonyeza HAPANA hela yako unatoa kama kawaida.

Usipotaka kabisa matangazo unayo haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakuruhusu kuitaka taasisi isitumie taarifa zako kukutangazia biashara. Nenda tawini na kitambulisho cha NIDA na kadi yako, omba kwa maandishi, taja namba ya akaunti na kitu gani hasa unataka kizimwe, weka sahihi na tarehe, halafu usiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri, maana bila hiyo nakala ukirudi kulalamika tunaanza upya. Ikipuuzwa, peleka lalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ukiambatanisha nakala hiyo. Tume inaweza kuitoza taasisi faini hadi shilingi milioni 100, na mtu anayetoa taarifa za wengine kinyume cha sheria anaweza kufungwa hadi miaka 10. Hilo linamgusa hata mfanyakazi wa benki anayemnong'oneza rafiki yake salio la mteja.

Ombi langu moja, msizime kila kitu kwa hasira. Mama asiyeona vizuri ambaye mashine inamkumbuka kwa maandishi makubwa, akizima vyote na hayo maandishi yanaondoka, atarudi kumpa kijana wa foleni namba ya siri amtolee. Tajeni matangazo peke yake.