Kwa nini alama za kompyuta huyumba Septemba katika futiboli ya vyuo vikuu Marekani

Katika futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wa umbo la yai unaobebwa mikononi, alama ya kompyuta ni namba ambayo programu huipa timu baada ya kupitia matokeo ya timu zote kwa pamoja. Kwa programu nyingi namba hiyo husomwa kwa pointi za uwanjani: timu yenye +10 inatarajiwa kuifunga timu ya wastani kwa tofauti ya pointi 10, kama hakuna aliye nyumbani. Toa alama ya timu moja kwenye ya nyingine, mwongezee mwenyeji pointi kama 2 au 3, na hapo una tofauti inayotarajiwa. Orodha ya nani wa kwanza na nani wa pili hutokana na namba hizo, kwa hiyo ni vizuri kuzoea kuitazama namba kabla ya nafasi.

Jedwali la kawaida halitoshi kwenye mchezo huu. Katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara timu 16 hukutana zote, nyumbani na ugenini, mechi 30, na mwisho wa msimu pointi zinajieleza. Daraja la juu la futiboli ya vyuo, FBS, lilikuwa na timu 134 mwaka 2024, na kila timu ina mechi 12 tu za msimu wa kawaida. Ikifika Jumamosi ya tatu, timu imecheza na wapinzani watatu hivi, na mara nyingi mmoja wao ametoka daraja la chini, FCS. Timu mia na zaidi zimebaki ambazo haijazigusa. Programu inalazimika kukisia kwa kupitia njia za kuzunguka: huyu kamfunga yule, yule kafungwa na fulani.

Njia ya Wesley Colley, mtunzi wa mojawapo ya programu hizi, inaonyesha jambo hili waziwazi, maana haiangalii tofauti ya pointi, na mtu anaweza kuikokotoa kwa kalamu. Timu zote huanza na 0.5. Alama ya timu ni 1, jumlisha nusu ya (ushindi kutoa vipigo), jumlisha alama za wapinzani wake wote. Kisha gawanya kwa idadi ya mechi zake jumlisha 2. Wiki ya kwanza A anamfunga B. Ukitafuta namba zinazokubaliana pande zote mbili, A anapata 0.625 na B 0.375. Wiki ya pili B anapumzika, na C, ambaye ndiyo kwanza anaanza msimu, anamfunga A. Kokotoa upya: C 0.667, A 0.5, B 0.333.

Mtazame B. Hakucheza, na bado ameshuka kutoka 0.375 hadi 0.333, kwa sababu kipigo chake cha wiki iliyopita sasa kimetoka kwa timu inayoonekana dhaifu zaidi. C naye yuko juu kabisa baada ya mechi moja. Hakuna timu iliyobadilika ubora kati ya wiki hizo mbili. Kilichobadilika ni tunachokijua juu yao. Mwezi wa tisa, sehemu kubwa ya mtikisiko wa alama ni wa aina hii. Mechi zikifika 9 au 10, matokeo mapya ni moja kati ya mengi na mtikisiko unatulia wenyewe.

Programu nyingine hupunguza mtikisiko kwa kuanza na makadirio ya kabla ya msimu. SP+, programu ya mwandishi wa michezo Bill Connelly, kwa mfano, huyajenga juu ya mambo matatu: kiasi cha uzalishaji wa msimu uliopita kinachorudi na wachezaji waliobaki, ubora wa wachezaji waliosajiliwa, na rekodi ya timu ya miaka ya karibuni. Mechi zinavyoongezeka, uzito wa makadirio hayo unapunguzwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Timu imeanza na +10, na makadirio yamepewa uzito wa mechi 5. Nyumbani inaifunga timu yenye −8 kwa tofauti ya pointi 31. Toa 3 za uenyeji, toa 8 za udhaifu wa mpinzani: siku hiyo imecheza kama timu ya +20. Alama mpya ni (5 × 10 + 20) ÷ 6, yaani +11.7. Programu isiyo na makadirio ingeipa +20 moja kwa moja. Timu hiyo ikiendelea kucheza hivyo kwa mechi 8, inafika (50 + 160) ÷ 13, yaani +16.2. Uzito mkubwa unatuliza namba na kuchelewesha ukweli. Mdogo unawahi ukweli ila unadanganyika upesi. Mtunzi wa programu lazima achague kosa atakaloweza kulivumilia, na mimi naamini uzito wa kutosha mwanzoni ndio chaguo salama.

Makadirio nayo hukosea, na hapo ndipo alama husogea kidogokidogo upande mmoja wiki baada ya wiki. Mwaka 2024 Florida State ilianza ikiwa ya 10 katika kura ya AP, yaani ya waandishi wa habari za michezo, ikafungwa 24-21 na Georgia Tech mjini Dublin, ikamaliza na ushindi 2 na vipigo 10. Mwaka huohuo Indiana, iliyotoka kushinda mechi 3 tu msimu wa nyuma, ilimpata Curt Cignetti, kocha aliyekuja na wachezaji kadhaa kutoka chuo cha James Madison, ikashinda mechi 10 za kwanza. Tangu 2021, mchezaji anapohama mara ya kwanza hasubiri tena mwaka mzima nje ya uwanja. Rekodi ya zamani ya chuo inaweza kuwa inaeleza watu ambao hawapo tena.

Tofauti ya pointi nayo ina hila zake. Mpira uliodondoka ukiokotwa na upande huu au ule, ni bahati tupu kwa kiasi kikubwa, na unaweza kuamua pointi 7. Timu inayoongoza kwa 35 huingiza wachezaji wa akiba, kwa hiyo programu nyingi hupunguza thamani ya pointi za ziada kwenye vipigo vikubwa. BCS, mfumo wa zamani uliochagua timu mbili za kugombea ubingwa wa taifa kwa kura na kompyuta, iliyapiga marufuku kabisa matumizi ya tofauti ya pointi kuanzia msimu wa 2002. Na mechi moja ya kushangaza hupotosha sana. Tarehe 1 Septemba 2007, Michigan, ya 5 katika kura ya AP, ilifungwa nyumbani 34-32 na Appalachian State ya daraja la chini. Wiki iliyofuata Oregon wakaifunga 39-7. Programu isiyo na kumbukumbu ingeitupa shimoni. Michigan ilishinda 8 mfululizo baada ya hapo, ikamaliza na ushindi 9 na vipigo 4.

Kuna kitu kimoja ambacho Oktoba hairekebishi. Timu zimegawanyika katika konferensi, kama SEC na Big Ten, na baada ya Septemba hucheza karibu mechi zao zote ndani kwa ndani. Ndani ya konferensi kila ushindi ni kipigo cha jirani, hivyo mechi hizo hupanga wenyeji wa nyumba moja bila kusema lolote kuhusu nyumba ya pili. Kamba zinazounganisha konferensi ni zile mechi chache za Septemba, zilizochezwa wakati timu bado hazijakaa sawa. Konferensi ikipoteza mbili tatu kati ya hizo kwa pointi chache, wanachama wake wote hubeba upungufu huo hadi Desemba, hata yule ambaye mwenyewe hakufungwa.