Mchangamfu na aliyechangamka sio mtu mmoja

Jana kwenye daladala nimesikia tena mtu anasemwa "yule ana baipola", ule ugonjwa wa akili wa kupanda juu na kushuka kwa vipindi, na kosa lake ni nini, anacheka sana na hachoki. Jamani. Mtu kuwa na furaha, nguvu nyingi, maneno mengi na usingizi mfupi tangu ujana mpaka uzeeni, hiyo inaitwa haipathimia, ni hulka, haimo kwenye orodha ya magonjwa.

Neno ni la Kigiriki. Haipa ni kuzidi, na thimosi kwa Kiswahili naona moyo ndio unakaribia, ule moyo wa "jipe moyo", sio wa kusukuma damu.

Ila kinachoniuma zaidi ni kwamba lugha yetu yenyewe inatofautisha. Mchangamfu ina ile -fu ya msahaulifu na mkunjufu, yani tabia imekaa. Amechangamka ina -me-, alikuwa hivi sasa yuko vile, kuna kabla na kuna baada. Jirani yetu mmoja mama mtu mzima, saa kumi na moja alfajiri keshafagia uwanja, anaimba, salamu yake inaamsha nyumba tatu, na wenzake wa rika wanasema alikuwa hivyo tangu msichana. Huyo mchangamfu. Binamu yangu ni mpole, maneno ya kuhesabu, mwaka fulani akachangamka ghafla, usiku halali na mchana hasinzii, saa nane za usiku anakupigia simu kukuelezea biashara ya mabasi, kakopa mpaka kwa muuza chipsi, na sisi tukafurahi eti afadhali kafunguka. Wiki ya pili akalazwa. Madaktari wanahesabu siku 4 mfululizo kwa haipomania, yani kupanda kwa kiasi, na wiki nzima kwa mania, yani kupanda kulikopitiliza, na sharti kubwa ni mtu awe amebadilika, hayuko kama siku zote, na hilo ndilo sisi ndugu tulikuwa tunaliona kila siku na hatukulisema.

Uhusiano wa haipathimia na baipola upo, sikatai. Emil Kraepelin, daktari wa magonjwa ya akili wa Ujerumani, aliiona hulka hii kama udongo ambao ugonjwa unaweza kuota, na Hagop Akiskal, naye daktari wa akili, Mwarmenia mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi Marekani, akaiweka kwenye ncha nyepesi ya familia ya baipola. Ndio maana mchangamfu akipata sonona ni vizuri daktari, kabla ya kuandika dawa, aulize mtu huyo alikuwaje zamani, kwa sababu dawa za sonona peke yake zikimkuta mwenye baipola zinaweza kumrusha juu mpaka mania.

Sasa yule wa kwenye daladala, kama wanaomjua wanasema yuko hivyo tangu shule ya msingi, muiteni mchangamfu tu.